Kuhesabu pori: kiwanja changu kwenye milima ya Santa Monica

Novemba 2024. Nimechagua kipande cha mteremko, hatua kumi kwa kumi, upande wa milima ya Santa Monica unaotazama bahari, California. Sikupigilia vigingi wala kufunga kamba, maana ni ardhi ya hifadhi. Alama zangu ni jiwe lenye ufa kwa juu na korongo kavu kwa chini. Kila mwezi nitasimama palepale, nipige picha nne, nihesabu kilichopo. Mteremko huu uliungua katika moto wa Woolsey, ulioanza Novemba 8, 2018 na kuteketeza kama hekta 39,000. Nimepita hapa mara nyingi nikaona "majani tu", na hilo limeanza kunikera.

Nilipompigia Mama simu Newala, kusini mwa Tanzania, kumweleza, alicheka sana. "Mwanangu, umevuka bahari zote hizo ili ukahesabu pori?" Ndiyo, Mama.

Desemba. Huku mvua huja wakati wa baridi, na kiangazi hupita miezi mitano au sita bila tone. Mwaka huu hata hiyo ya baridi imegoma, vumbi linatimka kila ninapokanyaga. Vichaka bado ni vya kijani. Majani yake ni magumu kama ngozi kavu, mengine madogo kama sindano: Adenostoma fasciculatum, ambao wenyeji huuita chamise, majani yake hutoka kwa vifungu vifungu. Pori la namna hii ndilo chaparali, jina lililotokana na neno la Kihispania la mwaloni mfupi. Ukishuka karibu na barabara ya pwani vichaka vinakuwa laini na vya kunukia, Artemisia californica pamoja na Salvia, na vichaka hivyo hupukutisha majani kiangazi badala ya kuvumilia. Vitabu huchora mpaka kati ya makundi haya mawili. Kwangu yameingiliana, Artemisia imekaa kabisa chini ya kwapa la chamise.

Januari 2025. Tarehe 7 moto wa Palisades ulilipuka upande wa mashariki, kwa upepo mkavu ule wa Santa Ana unaotoka bara kuelekea baharini. Kiwanja changu hakikuguswa, ila sikwenda mpaka mvua ya kwanza ya maana iliponyesha mwishoni mwa mwezi.

Nilipokwenda, niligundua nimehesabu vibaya tangu mwanzo. Kila kichaka chenye jani pana nilikiandika "toyon", kichaka kinachojulikana sana huku, kumi na tatu kwa jumla. Toyon halisi jani lake lina meno pembeni, na hapa upo mmoja tu. Vile kumi na viwili ni Malosma laurina: jani halina meno, limekunjika katikati kama mtumbwi, kikonyo chekundu. Nilipotafuta ukoo wake nikakuta ni ndugu wa mwembe na mkorosho! Mtoto wa Newala nimepita mbele ya shangazi miezi mitatu bila kumwamkia.

Ndugu mwingine wa ukoo huohuo alijitambulisha mwenyewe. Korongoni kuna mmea wa sumu ambao kila mtu hapa anakwambia uutambue kwa majani matatu matatu. Sawa, lakini wakati wa baridi hauna majani, ni vijiti tupu, nami nilivishika nikivuka. Siku ya pili mkono ulivimba, ukatoka malengelenge. Kuwasha kwake nilikujua. Utotoni tukichoma korosho, mafuta ya ganda yakikurukia, ngozi hufanya hivyohivyo.

Februari. Siku nzima nimekaa chini naangalia mashina, na nadhani ndiyo siku niliyojifunza zaidi. Malosma ina kisiki kinene kilichozama nusu ardhini, bado cheusi kwa mkaa wa 2018, na matawi kibao yametoka humo. Moto ulikula ya juu, mzizi ukarudisha. Kichaka cha jirani, Ceanothus megacarpus, hakina kisiki. Kila mmoja una shina moja jembamba linalotoka udongoni moja kwa moja, na yote yanalingana kimo kama wanafunzi wa darasa moja. Katikati yao amesimama mzazi, mkavu, wa kijivu, ameshikilia matawi yasiyo na kitu. Mmea huu, moto ukipita, haurudi. Mbegu zake hulala udongoni, na joto la moto ndilo linalozifungua.

Nimehesabu 31. Tisa tu ndiyo yenye maua, meupe madogo, nyuki wamejaa. Kwa hiyo miaka sita baada ya moto, ishirini na mbili bado hayajaweka akiba yoyote. Moto ukirudi kesho, Malosma itachipua tena, lakini hawa wataishia hapo, na nafasi yao itachukuliwa na nyasi za kigeni ambazo tayari zimeanza kuingia kutoka njiani. Nyasi hizo hukauka mapema, na kuzidisha kuungua. Nimezihesabu pia, mafungu manne, yote upande wa njia. Mikono iliniwasha kuzing'oa lakini sina ruhusa.

Machi na Aprili: picha tu, kazi ilinibana.

Mei. Matunda ya Ceanothus yamekauka, yana vipembe vitatu. Nilikuwa nanywa maji karibu na lile jiwe niliposikia ta! kama mbarika zinavyopasuka juani, kisha tena, ta! Mbegu moja ikaangukia daftari, nyeusi, inang'aa. Nikaipuliza ikarudi chini.