Uzoefu wangu: kumtafutia mtu mtunzi wa klasiki anayemfaa

Mtu yeyote hapa Kampala akiuliza aanzie wapi kwenye muziki wa klasiki, hupewa jibu lile lile: anza na Mozart, ni mwepesi, unatuliza akili. Ushauri huu unanikera, maana nimeuona ukifukuza watu ambao wangekuwa wasikilizaji wazuri sana. Mtu aliyekulia kwenye sebene, anayesubiri dakika ile gita linapouchukua wimbo na ukumbi mzima unainuka, ukimpa muziki wa kutuliza akili umempa kitu ambacho hakukiomba. Atasikiliza kwa adabu, atasema ni mzuri, na hatauliza tena.

Mimi naanzia kwenye simu yake. Namwomba anichezee wimbo anaoupenda kuliko zote, kisha naangalia anarudisha nyuma wapi na anaongeza sauti wapi. Kumuuliza anapenda muziki gani hakusaidii sana, kwa sababu atataja jina la mwimbaji au la mtindo, nami nataka kujua sikio lake linangoja nini. Mmoja anarudisha pale kisa kinapogeuka. Mwingine anangoja ngoma ziingie. Mwingine anaongeza sauti kwaya inapopanda. Hao ni watu watatu tofauti, hata kama wote wametaja wimbo mmoja.

Wapenzi wa kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za kusimulia visa, hudhaniwa kuwa wagumu, kumbe ndio wepesi kuliko wote. Mtu mmoja, gita moja, kisa kirefu chenye msiba ndani yake: mpe Schubert. Alifariki 1828 akiwa na miaka 31 na kuacha nyimbo zaidi ya 600, nyingi za sauti moja na piano. Naanza na Erlkönig, aliyoitunga 1815 akiwa na miaka 18. Ni ya dakika 4 hivi, na shairi lake ni la Goethe, kwa Kijerumani, kwa hiyo kisa lazima ukisimulie kwa Kiswahili kabla hujabonyeza chochote. Baba yuko juu ya farasi usiku, amemkumbatia mwanawe. Mtoto anamwona mfalme wa mizimu, baba haoni. Mwimbaji ni mmoja lakini anabeba wanne: msimuliaji, baba kwa sauti ya chini, mtoto kwa sauti ya juu, na mzimu kwa sauti tamu ya kubembeleza. Mkono wa kulia wa piano unagonga noti tatu tatu bila kupumzika, ndiyo mbio ya farasi. Mwambie msikilizaji azingatie maneno "Mein Vater, mein Vater", yaani mtoto anapomwita baba yake. Anaita mara tatu, na kila mara noti zinapanda zaidi. Mwishoni piano inanyamaza, mwimbaji anatamka kama anayeongea tu kwamba mtoto amekufa, piano inagonga mara mbili, basi.

Dereva mmoja wa boda niliyemwekea wimbo huo alitoa hedifoni sikio moja ukiwa haujaisha, akaniuliza, "Mzee, huyu baba kwa nini hasimami?" Sikuhitaji kumtafutia mtunzi mwingine. Baada ya hapo ni Winterreise ya 1827, mfululizo wa nyimbo 24 za Schubert huyo huyo, ila usimpe zote kwa mkupuo, ni zaidi ya saa nzima ya huzuni. Anza na ile ya mwisho, Der Leiermann, kisha Der Lindenbaum. Na tafuta rekodi ya mwanamume mwenye sauti ya kati au ya besi. Sauti ya juu ya kike inayotetemeka sana ndiyo inayowakimbiza wageni kabla kisa hakijawashika. Wataipenda baadaye wakiwa wameshazoea.

Sikio la amadinda lina mahitaji yake. Amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, ina vibao 12 na wapigaji watatu: omunazi anaanza, omwawuzi anachomeka noti zake katikati ya zile za mwenzake, omukoonezi anashika vibao viwili vya juu na kuokota mchoro unaojitokeza. Wimbo unaousikia haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Aliyezoea hilo, au magita ya sebene yanayojibizana, namwelekeza kwa Steve Reich, Mmarekani aliyezaliwa 1936. Alikwenda Ghana 1970 kujifunza ngoma na mwaka uliofuata akamaliza Drumming.

Kwa Reich huhitaji hata bando. Clapping Music ya 1972 ni makofi matupu, na mchoro wake una mapigo 12: piga makofi 3, acha pigo moja, piga 2, acha moja, piga 1, acha moja, piga 2, acha moja. Watu wawili wanaanza pamoja. Baada ya kurudia mara kadhaa, wa kwanza anabaki palepale na wa pili anasogea pigo moja mbele. Wanarudia, anasogea tena, na akishasogea mara 12 wanakutana walipoanzia. Kinachoharibu ni yule wa kwanza kuvutwa na mwenzake akaanza kumfuata. Dawa yake ni kugonga mguu chini kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, na asimtazame mwenzake mikononi. Aliyewahi kupiga amadinda anaishika haraka ajabu. Akishapiga mwenyewe, Music for 18 Musicians ya 1976, ambayo inakaribia saa nzima, haimchoshi tena. Kisha mrudishe nyumbani: Justinian Tamusuza, Mganda, ametunga muziki wa violini mbili, viola na selo (fidla kubwa ya sauti nzito), na sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa Marekani, kwenye albamu ya Pieces of Africa, 1992.

Watu wa kwaya za kanisani wanaijua Aleluya ya Handel tayari, kwa hiyo mtunzi wao wameshampata. Usiwape Messiah yote, ile kazi ndefu yenye Aleluya hiyo ndani yake, inapita saa mbili. Wape For unto us a child is born, halafu Zadok the Priest ya 1727: nyuzi zinapanda taratibu zaidi ya dakika moja kabla kwaya haijalipuka, na anayependa sifa zinazojengeka kidogo kidogo anajua kungoja.

Kwa wapenda ngoma, kila mshauri hutaja Boléro ya Ravel, ya 1928. Kipande kinafaa, ila kinavyochezwa ndipo kinapokufa. Kinaanza na ngoma ndogo kwa sauti ya chini kabisa, filimbi ikiingia juu yake, na kinakua kwa dakika kama 15 mpaka okestra yote inanguruma. Kwenye taksi au dukani mwanzo hausikiki, mtu anapandisha sauti hadi mwisho, na robo saa baadaye spika inakoroma na jirani anapiga kelele. Hila yangu ni kuanzia mwishoni. Cheza dakika ya mwisho kwanza, weka sauti pale ambapo masikio yanavumilia, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Mwanzo utakuwa hafifu, kwa hiyo tumia hedifoni na mahali patulivu. Ile hatua karibu na mwisho ambapo muziki unaruka ghafla kwenda ufunguo mwingine inampiga mtu kifuani, lakini kwa sharti kwamba sauti haikuchezewa njiani.

Hedifoni pia ni lazima kwa Bach wa selo. Anayependa gita bila maneno mpe utangulizi wa Suite namba 1, dakika 2 na nusu tu. Noti ya chini kabisa ya selo iko kama hezi 65, na spika ya simu haifiki huko. Utasikia mikwaruzo ya juu na kudhani mpigaji ni mbovu.

Anayependa tarumbeta za harusini anafaa kwa Janáček, Sinfonietta ya 1926, ule mwanzo wenye tarumbeta 9.

Kuhusu gharama, hesabu MB 1 kwa dakika kwenye MP3 ya kawaida ya kilobiti 128. Ukienda kibandani kuwekewa kwenye memori kadi ni elfu moja au mbili, ila nenda na majina umeyaandika, pamoja na namba ya kazi. Ukisema tu "Beethoven" utapewa mafaili kumi yote yanaitwa Allegro. Nayabadilisha majina yaanze na 01, 02, 03.

Beethoven mwenyewe namwachia anayeongeza sauti kwenye mdundo usiobadilika. Naanza na sehemu ya 2 ya simfonia namba 7, op. 92 (hiyo ndiyo namba ya kazi): pigo refu, mafupi mawili, marefu mawili, toka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Vienna walitaka irudiwe palepale ilipochezwa mara ya kwanza, 1813. Akiiomba mwenyewe siku nyingine, mpe namba 5 yote, na kwanza zima mpangilio wa kuchanganya nyimbo, kwa sababu sehemu ya 3 inamiminika ndani ya sehemu ya 4 bila kusimama, na simu ikiruka hapo umempotezea dakika aliyokuwa anaingoja.