Polka ya mama yake

Jana Salma kafungua kisanduku cha fidla, ile harufu ya utomvu mkavu wa kupaka upinde ikajaa sebuleni. Kapiga polka, muziki wa ngoma ya haraka, aliyofundishwa wiki hii, kisha kauliza, "Mama, hii inaitwaje?"

Kimawazo nikarudi Sliabh Luachra, Ireland, kwenye vilima vya mpakani mwa Kerry na Cork, jikoni kwa yule mzee niliyekuwa nikimhudumia kila Alhamisi. Mvua ilikuwa imekaza. Nilipomaliza kumfunga vifungo vya sweta, akaniomba nimshushie kopo la biskuti kabatini. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, imegeuka manjano. Ilikuwa na mistari ya muziki lakini haina noti, namba tupu.

Yalikuwa maandishi ya Pádraig O'Keeffe, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kule akifundisha fidla, mpaka alipofariki mwaka 1963. Mama wa mzee alikuwa mwanafunzi wake. "Kila nafasi ni uzi," akaniambia. "Kila namba ni kidole. Sifuri, usiguse kitu."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, fidla haishikiki tena. Basi akaushika mkono wangu, akaukunja kwenye kiwiko, akaugeuza kuwa shingo ya fidla. Akawa anabonyeza ngozi yangu: moja, tatu, moja, halafu anainua mkono wote juu, sifuri. Mdomoni anaivumisha polka, kisigino kinapiga sakafu ya mawe, na mkazo wake hauangukii pale nilipoutegemea, unakuja nyuma kidogo, unakusukuma uinuke. Mimi nimekulia kwenye fidla za taarabu, zinazovutwa taratibu kama mtu anayebembeleza. Sikujua fidla inaweza kukanyaga.

Polka ilitoka Bohemia, kwenye nchi ya Czech ya leo, ikavuma Ulaya nzima miaka ya 1840, lakini kwenye vile vilima, wanakoicheza watu wanane, jozi nne, imeshakuwa ya kwao kabisa.

Nilimuuliza ile polka inaitwaje. "Haina. Iite polka ya mama." Kule nyimbo nyingi hubeba jina la mtu uliyeipata kwake.

Akaikunja karatasi, akairudisha mwenyewe koponi. Hadi leo sijui kama ningepaswa kumwomba niinakili.

Nikamwambia Salma apige tena, polepole. Nikakunja mkono wangu, nikaweka vidole. Namba nne za mwanzo zikakaa. Ya tano ikakataa.

"Rudia, mwanangu," nikamwambia. "Rudia pale mwanzo."