Namna nilivyoukamilisha utenzi wangu wa mkonge

Utenzi wa mkonge niliokuwa nikiuandika hapa Tanga umekamilika, na kwa kuwa jamaa kadhaa wameniuliza nimewezaje kuufikisha mwisho ilhali nina kazi ya kutwa nzima, nimeona nieleze jinsi vitabu, muziki na hata bao vilivyonisaidia.

Habari ya kusimulia sikuikosa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo yakaenea mashamba ambayo kufikia mwaka 1964 yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, kabla nyuzi za viwandani hazijaiporomosha bei na mashamba mengi kugeuka mapori. Nilitaka mkasa huo usimuliwe kwa macho ya mkata mkonge, si ya mwenye shamba, kwa kuwa babu yangu alikuwa mkata mkonge na mikono yake ninaikumbuka vizuri.

Kilichonichukulia muda ni umbo. Kila mshororo wa utenzi una mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hushirikiana kina, yaani sauti ya mwisho, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Nilichagua kina cha “ni”, kwa sababu maneno yanayoishia nacho ndiyo yanayoujaza ulimwengu wa hadithi yenyewe: shambani, koronani (kwenye kiwanda cha kusindika mkonge), relini, bandarini. Uamuzi huo ulinipunguzia nusu ya taabu. Hata hivyo palibaki kazi ya kupima, kama katika ubeti huu:

Kumekucha na umande,
Babu aingia konde,
Akata pande kwa pande,
Kisu chake mkononi.

Mshororo wa mwisho hapo awali ulikuwa “Kisu kikiwa mkononi”, ambao una mizani tisa, kwani ile “m” ya mwanzo wa “mkononi” huhesabiwa peke yake. Jicho halikuiona mizani iliyozidi. Niliisikia nilipousoma ubeti kwa sauti, na tangu hapo sikuandika ubeti wowote bila kuughani kwanza.

Sikio hilo nililinoa kwa taarabu. Jioni nilikuwa nikisikiliza rekodi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapahapa Tanga vilivyompa mwimbaji marehemu Shakila jukwaa, na ambavyo magitaa yake yaliyachangamsha mashairi bila kuyafunika. Mwimbaji akifika katikati ya mshororo mrefu hupumua, na pumzi ile ndiyo inayokuonesha mahali maneno yanapopaswa kukatika. Nadhani hakuna kitabu cha arudhi, yaani kanuni za ushairi, kinachoweza kulifundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Katika vitabu nilimrudia Shaaban Robert, mzee wetu aliyezikwa Machui, na hasa tenzi alizowaandikia watoto wake. Nilichojifunza kwake ni kujiamini kutumia maneno mepesi. Baada ya kumsoma nilizifuta beti kadhaa nilizokuwa nimezipamba kwa misamiati ya kale, nikaziandika upya kwa lugha wanayozungumza watu wa mtaani kwetu Tanga, Ngamiani.

Bao nililicheza barazani na wazee kwa ajili ya kupumzika, lakini lilinipa mbinu. Mchezaji mzuri hasogezi mkono kabla hajazifuata kete kwa macho hadi shimo zitakapolala, kwa sababu kete moja tu huweza kuligeuza bao zima. Nami nikaanza kuutunga mshororo wa nne kwanza, kisha nikarudi nyuma kuutafutia mitatu inayoufikia. Beti zilizokuwa zimekwama kwa wiki nzima zilifunguka kwa njia hiyo, zikiwamo zile za kufungwa kwa mashamba, ambazo ndizo zilizoniuma zaidi kuziandika.

Kwa sasa mswada uko kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni ambaye ameniahidi kuukagua mizani kwa mizani. Naye bibi amekwisha kuniambia kwamba sehemu ya wanawake waliokuwa wakianika katani ni fupi mno, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliifanya kazi hiyo, nimeanza kumrekodi ili niiongezee beti.