Kéré na bati lake la juu juu

Yani wadau, kama umewahi kukaa darasani Igoma, Mwanza, saa nane mchana chini ya bati unajua naongelea nini, mwalimu anafundisha watoto wanasinzia jasho linatiririka tu. Francis Kéré kasomea kwenye joto hilohilo, kazaliwa Gando huko Burkina Faso 1965, akapata ufadhili wa kusomea useremala Ujerumani, baadae usanifu majengo Berlin, na kabla hata hajamaliza chuo akaanza kuchangisha hela za shule ya kijijini kwao.

Ikakamilika 2001. Tofali ni udongo wa palepale na saruji kidogo, wanakijiji wenyewe walishiriki kujenga. Ila utamu uko juu: dari ya tofali ina matundu, halafu bati limenyanyuliwa mbali na dari kwa nondo zilizochomelewa, hewa ya moto inapanda inatoka, upepo unapita katikati. Hakuna feni hakuna AC. Na maktaba ndo kali zaidi, vyungu vya kienyeji vimekatwa vikapachikwa kwenye dari, mwanga unashuka duara duara.

2022 akabeba Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza.

Hapa Mwanza mwambie fundi tofali za udongo uone, "bosi unataka kurudi kijijini?" Wakati upepo wa ziwa upo bure sisi tunabananisha bati na jipsamu halafu tunalia na luku. Turkana hapo Kenya kajenga kampasi ya Startup Lions, ya kufundishia vijana mambo ya kompyuta, minara yake kaiga vichuguu vya mchwa, nikipata nauli naenda.