Hiyo kashona nani?

Juzi nilimwonyesha bi mkubwa ile video ya gari la NASA linashuka sayari ya Mars 2021, parachuti inafunguka paa!, na yeye fundi cherehani wa miaka mingi wala hakushangaa roketi, kauliza tu "hiyo kashona nani?" Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma, sasa hivi nimenogewa siambiliki.

Kuna injinia wa JPL, maabara ya NASA kule California, anaitwa Ian Clark, ana PhD ya uinjinia wa anga na miaka yote hiyo anahangaika na kitambaa, nailoni na kamba. 2014 yeye na wenzake walijaribu parachuti ya mita 30 na ushee juu ya bahari ya Hawaii, kwenye hewa nyepesi kama ya Mars na spidi inayopita ya sauti, ikachanika vibaya. 2015 wakaja na nyingine yenye umbo tofauti, nayo ikachanika. Na hiyo ya pili walishaivuta hapa chini ikahimili nguvu kubwa kuliko iliyoipasua kule juu! Yaani hesabu inagoma, maana kitambaa kinasukumwa na hewa na chenyewe kinaisukuma hewa, kila kitu kinayumba kwa pamoja, nani atabashiri mshono gani utaanza kuachia.

Basi ikabidi waanze kuogopa hata umbo la zamani lililokuwa linafika salama. 2017 na 2018 wakalijaribu na kuliimarisha, wakawa wanarusha roketi kutoka Wallops, Virginia, parachuti inafungukia huko juu. Ya Septemba 2018 ilifunguka kwa sekunde 0.4 tu, ikahimili mvuto wa tani 30 hivi, na yenyewe ina kilo 80 na kidogo. Mimi gunia la mahindi tu likidondoka kutoka kwenye boda naona nyuzi zinalia.

Iliyoenda Mars ilikuwa ya mita 21.5, na Clark akaipangia mabaka mekundu na meupe kwa msimbo wa kompyuta, ukiisoma unapata kauli mbiu ya JPL, thubutu kufanya makubwa, pembeni kuna GPS ya ofisi yao. Watu mtandaoni waliifumbua ndani ya masaa.

Nikamsimulia bi mkubwa. Akacheka, kumbe na yeye nguo zake zote anaweka alama kwenye pindo la ndani, nimevaa miaka yote sijawahi kuiona.