Pama iliyoishinda mvua ya Njombe
Masika iliyopita nilinunua pama mpya ya felti ya sufu, yaani sufu iliyoshindiliwa ikashikana bila kufumwa. Mvua mbili tu za hapa Njombe, ukingo ukalegea ukanifunika macho, na ilipokauka ikabana hadi ikaniacha alama kwenye paji la uso. Iliniuma sana.

Juzi mnadani, kwenye rundo la mitumba, nikashika pama nyingine ya kahawia. Nikakunja ukingo kwa vidole: ukarudi palepale, hakuna hata mstari. Laini kama shavu la mtoto, lakini imeshikamana kwelikweli. Ndani ina ukanda wa ngozi ulioshonwa, si kitambaa cha kubandika kwa gundi. Felti ya manyoya ya sungura hii, jamani! Manyoya ya sungura, na hasa yale ya biva, yule mnyama wa mtoni wa nchi za baridi, hushikamana kuliko sufu, hivyo maji huchelewa kupenya.

Jana nimetembea nayo mvuani saa nzima. Matone yalitulia juu yake kama kwenye jani la mgimbi. Nyumbani nikageuza ukanda nje, nikaisimamisha juu yake, mbali na jiko. Asubuhi umbo ni lilelile.