Sura Niliyoitupa

Mwaka huu nimeanza kuandika riwaya za upelelezi kwa nia ya kuifanya kazi hasa, wala si kupitisha usiku. Sura ya kwanza niliitupa, kwa kuwa hata dada yangu, asiyependa kusoma, alimtambua muuaji kabla ya kumaliza ukurasa wa 5. Nikarudi kwa Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake ya kwanza ya Bwana Msa ilichapishwa mwaka 1960, nikatazama jinsi mpelelezi huyo anavyoufikia ukweli kupitia mambo madogo ambayo wengine wameyaona wakayapuuza. Sasa huandika mwisho kwanza, kisha hurudi nyuma kutawanya dalili, maneno 500 kila alfajiri kabla ya kuwahi daladala. Malipo, kusema kweli, bado sijayaona.